Chama cha Adhuhuri na Zahanati Isiyo na Mlango

Nchi nitakayoieleza hapa iko mbali sana na unapoishi, kwa hiyo soma kwa amani. Ukikuta humu mtu unayemfahamu, basi amesafiri.

Nchi hiyo ilikuwa na vyama viwili. Watu wa Chama cha Mawio walijenga nyumba zenye milango inayotazama mashariki, kwa sababu waliamini kuwa mambo mema yote hutokea huko. Watu wa Chama cha Machweo walijenga nyumba zenye milango inayotazama magharibi, kwa sababu waliamini kuwa mambo mema yote huelekea huko, na mwenye akili huyawahi. Mimi sioni ubaya katika imani yoyote kati ya hizo. Lakini nchini humo ukimuuliza mtu "Habari za nyumbani?", kwanza alitazama ulikotokea, halafu ndipo akaamua kama zilikuwa nzuri.

Wageni waliuliza kwa nini milango isiwekwe kaskazini au kusini. Ni swali la haki. Walijibiwa kwa upole kwamba pande hizo bado hazijasajiliwa.

Sasa, katika mji mkuu, Serikali ilijenga zahanati ya wazazi. Ilikuwa zahanati nzuri ya matofali ya udongo, yenye vitanda, bati jipya, na kuta nne kamili. Haikuwa na mlango. Bunge lilikuwa linajadili mlango utazame wapi, na kwa kuwa wabunge wa Mawio na wa Machweo walikuwa sawa kwa idadi, mjadala ulikuwa ukiendelea vizuri tangu siku ya kuchimba msingi. Wakati taifa likisubiri, bati moja liliondolewa kwenye paa na ngazi ikaegemezwa ukutani. Mama mjamzito alipanda, akaketi juu ya paa, ngazi ikavutwa juu na kushushwa ndani, naye akateremka. Ilikuwapo ngazi moja tu. Wakati inahamishwa, mama alipata nafasi ya kuitazama nchi yake kutoka juu.

*

Mkunga wa zahanati hiyo aliitwa Bi Zamda. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Makwega, mpima ardhi, mtu mtaratibu ambaye hakuwahi kugombana na yeyote. Alipanga chumba ambacho mlango wake ulifungukia ukumbini, kwa hiyo hakuna aliyejua anatazama wapi.

Siku moja Bi Zamda alimwendea akiwa bado na maji ya kazi mikononi.

"Mtoto kazaliwa juu ya paa," alisema. "Mchana huu. Bati linachoma kama kikaango. Mama analia, mtoto analia, na mimi niko chini nashika ngazi."

"Pole, dada. Suala la mlango ni nyeti."

"Nyeti! Nyeti ni hizo ninazozishughulikia mimi kila siku. Mlango ni mbao na bawaba."

"Lakini ukitazama mashariki, wa magharibi..."

"Makwega. Binti yako Mashavu ana mimba. Changa, lakini haitabaki changa. Siku yake ikifika nimpandishe juu ya bati naye, au nimvute kwa kamba kama ndoo ya kisimani?"

Mashavu alikuwa mtoto wake wa pekee. Makwega alitoka nje kufikiri, na kwa kuwa ilikuwa adhuhuri, aliinamisha kichwa kwa sababu ya jua. Hapo akaona jambo. Asubuhi kivuli chake kilianguka magharibi, na jioni kingeanguka mashariki. Lakini saa hiyo jua lilikuwa utosini, na kivuli kilikuwa chini ya nyayo zake. Hakikuegemea popote.

"Dada!" aliita. "Njoo uone!"

"Nione nini? Miguu yako?"

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Adhuhuri.

*

Usajili ulikuwa rahisi. Mawio walifikiri kitawapunguzia kura Machweo, na Machweo walifikiri kitawapunguzia Mawio, basi wote wawili wakaja kwenye uzinduzi na kupiga makofi.

Kanuni za chama zilikuwa chache. Mwanachama haegemei. Kwa sababu hiyo viti vyenye mgongo vilipigwa marufuku, na wajumbe walikaa kwenye vigoda. Salamu ilikuwa kunyoosha mkono juu, wima, bila kuupunga. Kanuni kuu ilisema kwamba uamuzi wowote wa mwanachama, popote awapo, ni halali pale tu ambapo vivuli vya wanaoamua viko chini ya nyayo zao. Kivuli kikichomoza upande wowote, kalamu huwekwa chini.

Mikutano ya chama ilikuwa mifupi sana, na wananchi waliipenda kwa hilo.

Nieleze hapa kosa moja, ambalo halikuonekana kuwa kosa wakati ule. Kanuni hizo ziliandikwa katika mwezi ambao jua la nchi ile hupita juu ya utosi kabisa. Waasisi walidhani kuwa ndivyo jua linavyofanya mwaka mzima. Makwega, kwa kuwa alikuwa mpima ardhi, angeweza kujua, lakini siku hiyo alikuwa likizo.

Uchaguzi ulifanyika mwezi huohuo. Katika kampeni, watu wa Mawio wana desturi ya kugawa mbaazi zilizoungwa kwa nazi, na watu wa Machweo hugawa mbaazi kavu. Chama cha Adhuhuri kiligawa mbaazi zilizopikwa nusu. Watu walizichukua, wakaenda kuzimalizia nyumbani kila mtu kwa namna yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Makwega alisimama juu ya kigoda na kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Wametuuliza, ninyi mko huku au mko kule? Nasema leo, mbele ya jua hili: sisi hatuko huku, wala hatuko kule, na hapo ndipo tulipo!"

Watu walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Mzee mmoja aliyesimama nyuma alimgusa jirani yake.

"Kasema yuko wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Wewe mpe kura, utauliza baadaye."

*

Chama cha Adhuhuri kilipata viti vichache, lakini vilikuwa katikati. Mawio na Machweo walibaki sawa kwa idadi, na hakuna sheria iliyoweza kupita bila watu wa Makwega. Ndani ya juma moja alikuwa Spika. Sehemu ya paa la Bunge ilifunguliwa ili jua liingie, na kazi zote za taifa zikapangwa adhuhuri.

Sasa kila mtu alimpenda Makwega. Kiongozi wa Mawio alimpelekea mbuzi. Kwa kuwa kupokea kwa mmoja ni kuegemea, Makwega alimtaarifu kiongozi wa Machweo, naye akaleta mbuzi wake. Mawio walipomjengea ukumbi wa mbele, ilibidi Machweo wamjengee wa nyuma. Alipokea yote kwa masikitiko, kwa ajili ya usawa.

Jambo la kwanza alilolipeleka bungeni lilikuwa mlango wa zahanati. Katika hili alikuwa mkweli, na ninaomba akumbukwe hivyo. Alikuwa amezungumza na pande zote, na wakati ule walikuwa tayari kukubali mlango wowote atakaousema yeye. Alisimama, vivuli vikiwa chini ya nyayo, akaanza kusoma muswada. Lakini spika mpya husalimia. Alimsalimia Rais, akawasalimia mawaziri, akawashukuru wapiga kura na walioleta mbaazi, ndipo akafika kwenye kifungu chenyewe: "Mlango wa zahanati utatazama..."

"Kivuli!" alipiga kelele Katibu Mkuu wa chama, Ndugu Shaweji, akionyesha ncha ya kiatu cha Spika.

Kalamu zikawekwa chini. Sheria ilikuwa imepita hadi pale iliposomwa. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika vitabu vya nchi ile: "Mlango wa zahanati utatazama." Ilianza kutumika siku hiyohiyo.

"Tutaimalizia kesho," alisema Makwega.

Mchana, wakila mbuzi, Shaweji alimsogezea kigoda.

"Mwenyekiti, nina swali la kinidhamu tu. Mlango ukishapatikana, hawa watatuhitaji kwa lipi?"

Makwega aliendelea kutafuna.

"Sisemi usimalizie," aliongeza Shaweji. "Nasema salamu ni muhimu. Kiongozi asiyesalimia hana adabu."

Kesho yake Makwega alisalimia pia mabalozi. Keshokutwa alisalimia marehemu. Kila siku kifungu kilifika kwenye "utatazama", na kila siku kivuli kilifika pamoja nacho.

*

Bi Zamda alikwenda ofisini kwa Spika. Alikuta mtu wa mlangoni na kigoda cha wageni, akakataa kukaa.

"Ulisoma taratibu," alisema.

"Dada, Bunge lina taratibu zake."

"Ndivyo ninavyosema. Ulisoma taratibu. Nilikuwa juu, kwenye jukwaa la wananchi. Umemsalimia mpaka babu yetu aliyekufa kwa kuhara."

"Lazima tuwe na uvumilivu. Sisi ni daraja kati ya..."

"Daraja! Daraja ambalo watu hawalivuki ni kizuizi, mdogo wangu. Mashavu tumbo limeanza kuonekana. Jana kaja kupimwa. Nimempandisha mwenyewe, nikiwa nyuma yake, nimeshika makalio ya mwanao mbele ya mji mzima. Unajua aliniambia nini kule juu? 'Shangazi, usimwambie baba, ataona aibu.'"

Makwega aliinama. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, alisema, "Atakapojifungua, mlango utakuwapo. Naapa."

"Apa adhuhuri basi," alisema Bi Zamda, "maana saa hizi si halali."

Mwisho wa juma Spika alitoa tamko. Ngazi ya zahanati ilipandishwa hadhi, ikaitwa Mlango wa Taifa wa Mpito, ikapakwa rangi na kuzinduliwa kwa bendi. Kwa mujibu wa tamko, kuingia kwa juu hakuegemei mashariki wala magharibi. Na kwa kuwa ngazi ilikuwa sasa sera ya chama, umiliki wake ukahamishiwa kwa Chama cha Adhuhuri.

*

Kisha jua lilianza kuondoka.

Halikuondoka kwa ghafla. Lilisogea kidogokidogo kuelekea kaskazini, kama linavyofanya kila mwaka bila kumwuliza mtu, na vivuli vya adhuhuri vikaanza kuchungulia upande wa kusini. Mwanzoni chama kiliwaagiza wajumbe wavae viatu vikubwa zaidi. Baadaye wajumbe wenye vichwa vikubwa waliombwa wasihudhurie. Ikafika siku Makwega alisimama bungeni, saa sita kamili, kivuli chake kikiwa kimelala mbele yake kama mkeka, na hakuweza kufungua hata kikao.

Wabunge wa Mawio wakawatazama wa Machweo. Walikuwa hawajatazamana kwa miezi, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama Makwega. Mmoja akauliza wenzake upande wa pili kama wamekula. Walikuwa hawajala. Wakatoka pamoja, na kabla ya chai kwisha walikuwa wamegawana wizara.

Katika Chama cha Adhuhuri kulikuwa na msukosuko wa mawazo. Shaweji alisema chama ni cha jua, na jua limeenda kaskazini, hivyo wanachama walifuate. Mweka hazina alisema chama ni cha kivuli, na kivuli kimeenda kusini, hivyo wakifuate hicho. Ndipo pande hizo mbili zikasajiliwa. Msajili alisema alishangaa jinsi zilivyokuwa wazi siku zote.

"Jamani," alisema Makwega, "tulikula kiapo kutoegemea!"

"Mashariki na magharibi, Mwenyekiti," alijibu Shaweji. "Kaskazini haikutajwa."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unaona kivuli kwenye kiatu changu!"

"Niliona vizuri. Bado naona."

Nitasema haki: kuna wakati Bi Zamda alipata matumaini. Kama kaskazini sasa ipo, aliuliza, kwa nini mlango usiwekwe huko? Adhuhuri-Kaskazini waliunga mkono kwa nguvu zote. Adhuhuri-Kusini wakapinga kwa nguvu zote. Mpaka jioni zahanati ilikuwa haina ukuta hata mmoja usio na mgogoro.

Wabunge wengine walihama mmoja mmoja, kila mtu akifuata kivuli cha saa yake. Wa asubuhi walikwenda Machweo, wa jioni walikwenda Mawio. Makwega alibaki katikati, peke yake, juu ya kigoda.

*

Kilichobaki kilikuwa kugawana mali, na mali ya chama ilikuwa ngazi.

Shauri lilifika mahakamani wakati wa mvua. Hakimu alikuwa mtu mwenye busara na haraka. Aliamuru ngazi ivunjwe kwa haki. Mti mmoja wapewe Kaskazini, mti wa pili wapewe Kusini, na vidato vya kukanyagia, kwa kuwa vilikuwa katikati, apewe Makwega. Madalali walikwenda kuitoa ngazi asubuhi ileile. Waliivuta kutoka ndani ya zahanati, wakaitoa kwa juu, na hawakuuliza kama kuna mtu chini.

Makwega alitoka mahakamani akiwa amekumbatia vidato vyake kama kuni. Mvua ilikuwa imeanza. Njiani alikutana na mkokoteni uliokuwa ukisukumwa na wanawake wawili waliojifunika makanga kichwani. Juu ya mkokoteni alikuwapo Mashavu.

"Baba," alisema Mashavu, kisha uchungu ukamkamata.

Walifika zahanati. Makwega alizunguka kuta zote nne, akarudi pale alipoanzia.

"Dada!" aliita. "Dada, uko wapi?"

"Ndani!" sauti ya Bi Zamda ilijibu nyuma ya ukuta. "Niko ndani na mzazi na kichanga, Mheshimiwa! Wamechukua ngazi! Umenifungia mpaka nimekosa choo!"

"Mashavu yuko hapa! Ameshikwa na uchungu!"

Nyayo zilisogea karibu na ukuta upande wa pili.

"Umbali gani, kati ya uchungu na uchungu?" sauti iliuliza, sasa bila kelele.

Mwanamke mmoja alijibu kwa niaba yake. "Hakuna umbali tena, Bi Zamda."

"Basi vunja ukuta, Makwega."

Makwega aliweka vidato chini. Alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, jua halikuonekana, na chini ya miguu yake hakukuwa na kivuli cha aina yoyote. Alikuwa amesahau amezunguka mara ngapi. Kwa mtu aliyejenga maisha yake kwa kutojua upande, sasa hakuujua kwelikweli.

"Nivunje ukuta upi?" alilia. "Dada! Upande upi?"

"Upande uliosimama wewe, mjinga!"

Makwega alitazama ukuta uliokuwa mbele yake. Inasemekana hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa amesimama upande wowote.

Alichukua kidato, akapiga. Tofali lilikuwa limelowa na mvua. Akapiga tena. Mwanamke aliyekuwa akisukuma mkokoteni alimwangalia, akasema, "Baba Mashavu, hebu pisha," akaenda nyumba ya jirani na kurudi na mchi wa kutwangia. Majirani walitoka, wa Mawio na wa Machweo, kila mmoja na mchi wake. Walipokezana pale ukutani kama wanatwanga mpunga wa harusi, na matofali yakaanza kuanguka kwa ndani. Bi Zamda alitokea katika tundu, vumbi kichwani kote, akanyoosha mikono.

"Mlete," alisema.

Mashavu akaingia kwa miguu yake.

*

Mtoto ni wa kike, na mzima. Jina lake silitaji, maana vyama vinne vimekwisha kumwalika ajiunge.

Serikali iliunda tume kuchunguza mlango ule unatazama wapi. Mawio hawakuiamini, wakaunda yao, na Machweo wakaunda yao. Tume moja ilipima ikiwa inatoka, nyingine ilipima ikiwa inaingia. Zote zilitangaza ushindi, na sherehe zilifanyika siku moja pande zote mbili za mji. Tume ya Serikali bado inasubiri jua lirudi utosini.

Makwega alishtakiwa kwa kosa la kuegemea. Alikiri, akapewa onyo.

Chama cha Adhuhuri hakikufutwa. Bado kimo katika orodha ya Msajili, na kina mwanachama mmoja. Ukienda zahanati ile utamkuta nje, amekaa juu ya kigoda, mjukuu akiwa mapajani. Asubuhi hukaa upande wa magharibi wa nyumba, kwa kuwa ndiko kwenye kivuli. Jioni huhamia upande wa mashariki, kwa sababu hiyohiyo. Wapita njia humtania.

"Mwenyekiti! Leo uko upande gani?"

"Huu," hujibu, akiweka mkono ukutani.

Adhuhuri hutamwona. Saa hiyo kivuli hakitoshi upande wowote na mtoto huungua, kwa hiyo humbeba na kupita mlangoni, akaingia ndani.